Kitambaa cha Harusi na Mkataba wa Kocha

Siku kocha alipotengeneza bomba la jikoni, mke wake alijua kwamba wanahama.

Bomba lile lilikuwa likidondosha maji tangu walipoingia kwenye ile nyumba. Tone, kimya kidogo, tone, hadi wenyewe wakawa hawalisikii tena. Mke alikuwa ameliwekea bakuli la bati, na maji ya bakuli lile aliyamwagia maua yake ya kwenye makopo, kwa hiyo hata maua yalikuwa yamezoea. Alilisema mara ya kwanza, akalisema mara ya pili, kisha akaona asije akawa kama bomba lenyewe, akanyamaza. Sasa asubuhi hii anatoka chumbani anamkuta mumewe amepiga magoti mbele ya sinki, kavaa fulana ya mazoezi, spana mkononi, na kipira kipya cha bomba amekibana kwa meno kama mtu anayemung'unya pipi. Alipomaliza alilifunga, akalitazama kidogo, akajifuta mikono kwa kitambaa cha kufutia vyombo, tena kile kizuri, akaenda zake mazoezini.

Mwanamke mwingine angeshukuru Mungu. Huyu alivuta kigoda, akaketi, na chai yake ikapoa.

Si kwamba mume wake alikuwa mvivu. Kichwa chake kilikuwa kimejaa mpira, na mtu mwenye kichwa cha namna hiyo haoni bawaba iliyolegea hata ikimwangukia mguuni. Katika kila mji waliokaa, msumari ulipigwa na mke, balbu ilibadilishwa na mke. Lakini kocha alilelewa na bibi yake, na bibi yule alimfundisha kwamba ukikaa kwa watu, siku ya kuondoka uache pamenyooka. Fundisho lile lilimwingia kwenye damu, na lilikuwa likifanya kazi bila yeye mwenyewe kujua. Kwenye mji wa kiwanda cha sukari lilianza na komeo la choo. Baada ya muda mfupi lori likaja. Kwenye mji wa machimbo lilianza na vioo vya dirisha, lori likaja. Yeye kocha hasemi. Hata wachezaji wake huwa hawajui nani ataanza hadi jezi zinapogawiwa, na nyumbani mambo yalikuwa yale yale: mke alijua kikosi siku ya mchezo. Kocha aliamini kwamba anamwepusha na wasiwasi. Na kila lori lilipokuja, kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa cherehani, kwa sababu ni nzito, na kwa sababu huko waendako hana mteja hata mmoja.

Ndiyo maana safari hii aliiacha chai ipoe. Maana safari hii hakuwa na cherehani moja tu ya kwenye kona ya sebule. Alikuwa na chumba chake kwenye safu ya maduka, chenye mlango wa vioo na meza ya kukatia iliyotengenezwa kwa kimo chake, mgongo usimuume. Alikuwa na cherehani za miguu, na moja ya umeme ya kumalizia pindo. Alikuwa na wasichana wawili aliokuwa akiwafundisha kazi: mmoja mwepesi wa mkono na mzito wa kusikia ushauri, mwingine kinyume chake. Wateja walimwita Fundi. Kisha timu ilipochukua kombe, mji mzima ukaanza kumwita Mama Kocha, naye akaitika, lakini aliitika kama mtu aliyevishwa koti la mwenzake.

Kuhusu lile kombe, mtu asiyekuwepo atadhani watu wanatia chumvi. Timu yao, ambayo mashabiki waliiita Siafu, ilikuwa imepanda daraja juzijuzi tu, na wajuzi wa redioni walisema itashuka kabla rangi ya jezi haijafifia. Badala yake iliwang'ata wakubwa wote, mmoja baada ya mwingine, na kombe likazungushwa mjini juu ya gari la zimamoto. Kocha alisimama juu ya gari lile mikono nyuma, kama mtu anayesubiri mkate kwenye foleni. Watu walimwita Kocha Kimya. Wazee walikuwa wakisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo waliuona.

Sasa mkataba wake ulikuwa ukingoni, na timu kubwa ya mji mkuu ilikuwa inamtaka. Hilo lilijulikana hadi kwa kuku. Lisilojulikana ni jibu lake, na kwa kuwa mwenyewe hasemi, mji ukaanza kumsoma kama mawingu. Akinunua mkate mmoja badala ya miwili, watu husema ameanza kupunguza vitu ndani. Akinyoa nywele fupi kuliko kawaida, wanasema anajiandaa kupigwa picha huko mji mkuu. Aliyeongoza elimu hiyo alikuwa kinyozi mwenye duka lililotazamana na duka la Fundi, mwenyekiti wa tawi la mashabiki, mtu mwenye mdomo mwepesi kuliko mkasi wake. Kiti chake kilikuwa kama studio ya redio: ukikaa umenyamaza, ukiinuka umeshajua usajili wa timu zote.

Lakini bomba hakuna aliyelijua. Fundi alilifungia moyoni. Siku iliyofuata kocha alikaza kitasa cha mlango wa uani. Fundi alikiona, akapita kama hajaona.

Alasiri ya siku hiyo kinyozi alivuka barabara, bado amevaa aproni yake yenye nywele za watu, akiwa na binti yake wa kwanza na furushi la karatasi. Alibisha hodi kwa adabu isiyo yake, wasichana wakatazamana. Alisema binti ameposwa, na harusi itakuwa mwisho wa msimu wa mvua, na kitambaa ndicho hiki. Binti alifungua karatasi akakitandaza mezani.

Fundi alikuwa ameshaandaa maneno ya kukataa. Angesema kazi zimemzidi. Lakini kitambaa kile kilitiririka mezani kama maziwa, kizito bila kuwa kigumu, na pembeni kilikuwa na lesi ya maua madogo yaliyoshikana mikono. Alikigusa kwa nyuma ya vidole, maana ndani ya vidole kuna ugumu wa sindano na kitambaa cha namna hiyo kingekwaruzika. Alikuwa ameshona sare za shule, mapazia, na kanzu za kwaya. Kitambaa cha namna hii hakikuwahi kuletwa mezani kwake, kwa sababu kitambaa cha namna hii watu humpelekea fundi waliyemzoea, na yeye hakuwahi kuachwa mahali mpaka akazoeleka.

Kinyozi alikohoa.

"Shemeji," alisema, "sisi hatukuulizi mambo ya ndani ya nyumba yako. Lakini harusi ni harusi. Kama hamtakuwepo, niambie tu, nimpeleke kwa yule fundi wa pale sokoni."

"Yule anayeshona mkono mmoja mrefu kuliko mwingine?" msichana mzito wa ushauri alidakia, akakatwa jicho.

Hapo Fundi aliona mtego, na aliona kwamba mtego wenyewe hauna uovu. Akikataa kitambaa, amewamwagia mtama kuku wote wa mji. Akikipokea, ameahidi kitu ambacho hakimo mikononi mwake. Alimtazama binti wa kinyozi, aliyekuwa amesimama ameinua mikono kidogo tayari kupimwa, kama ndege anayekausha mabawa. Mkono wa Fundi ukaenda wenyewe kwenye utepe uliokuwa shingoni.

"Simama wima, mwanangu," alisema. "Usivute tumbo. Gauni la harusi hupimwa kwa tumbo la ukweli."

Kinyozi hakungoja kusikia kipimo cha kiuno. Alivuka barabara akiwa ameinua aproni kwa mikono miwili, na kabla Fundi hajafika kwenye urefu wa mkono, mtaa mzima ulikuwa umejua: Mama Kocha amepokea kitambaa cha mwisho wa mvua. Kocha anabaki.

Habari ile ilitembea kasi kuliko gari la zimamoto. Jioni mtangazaji wa redio alisema kwamba kwa mujibu wa chanzo cha kuaminika kilicho karibu sana na familia, kocha amekubali kuongeza mkataba. Chanzo chenyewe kilikuwa utepe wa kupimia. Mwenyekiti wa klabu, mzee mmoja mnene mwenye tabia ya kulia hata kwenye mechi za kirafiki, alimfuata kocha uwanjani akamkumbatia mbele ya wachezaji akamwambia hakutegemea chini ya hapo.

Kocha alirudi nyumbani jua halijazama. Alivua viatu mlangoni, akaviweka sawa, akaingia jikoni ambako mkewe alikuwa akichambua mchele kwenye sinia.

"Nani amekwambia kwamba nabaki?" aliuliza. Hakupaza sauti, hajui kupaza.

"Hakuna aliyeniambia," mke alijibu, akaokota chembe moja ya jiwe akaitupa. "Wala hakuna aliyeniambia kwamba unaondoka."

Kocha alivuta kigoda. Alisema kwamba hakuna lililokwisha, kwamba watu wa mji mkuu wanakuja kuonana naye Ijumaa kwenye ile hoteli ya karibu na benki, na kwamba alikuwa akisubiri jambo liive ndipo aseme.

"Kwa nini useme, na mimi nimeshajua tangu Jumatatu?"

"Umejuaje?"

"Umetengeneza bomba."

Kocha aliligeukia bomba kama mtu aliyeitiwa shahidi asiyemtarajia. Mke akamhesabia: komeo la choo kule kwenye sukari, vioo vya dirisha kule machimbo, ngazi ya mbele ya ile nyumba yenye popo, mlango wa jiko wa ile nyumba ambayo mwenye nyumba alikuwa akikoroma hadi ukutani kwao. Kila kimoja na lori lake. Kocha alisikiliza huku anaitazama mikono yake, akaigeuza upande wa pili akaitazama tena. Ilikuwa wazi kwamba hakuwahi kujua. Miaka yote ile alikuwa akificha kikosi kwa watu wote, kumbe mikono yake inakibandika ukutani.

"Nilitaka nisikusumbue mpaka jambo liive," alisema mwishowe.

"Jambo la watu wawili likiivia kwenye chungu cha mmoja, mwenzake huletewa ukoko," mke alisema. "Nimekula ukoko wa kutosha, mume wangu. Meno yamechakaa."

Kocha alieleza. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu chochote nje ya uwanja. Timu kama ile mtu akiikataa hairudi. Alikuwa ameiota tangu anacheza mpira wa matambara, na sasa mvi zimefika hadi kwenye nyusi. Nyumba watapewa, yenye bustani na mtu wa kuimwagilia. Mke hakumkatiza. Aliona kwamba yote ni ya kweli, na hilo ndilo lililomuuma, maana ni rahisi kugombana na uongo.

"Basi nenda," alisema. "Sikuzuii, na sitakununia. Lakini mimi nimepokea kitambaa cha watu. Gauni litashonwa hapa. Na baada ya gauni kuna sare, na kuna wale wasichana ambao hata kuweka zipu bado wananung'unika."

"Kwa hiyo unanifukuza?"

"Ningekufukuza ningekufungia begi. Nakwambia nilipo, ili ukipanga kikosi chako ujue nani yupo uwanjani na nani hayupo."

Walikula wali ule. Kocha aliomba aongezewe mchuzi, akaongezewa. Lakini asubuhi yake, mlango wa chumba cha wageni uliokuwa umening'inia kwa bawaba moja ulikutwa umeshatiwa skrubu moja kati ya tatu, na bisibisi imeachwa chini sakafuni. Fundi aliiruka bisibisi ile akaenda kazini. Mtu akikaza skrubu moja akaacha mbili, atasomwaje? Hata yeye mwenye uzoefu alishindwa.

Sasa mjini lilikuwa limezuka jingine. Binti wa kinyozi, kwa kuwa ni mtoto wa baba yake, alikuwa amewaeleza rafiki zake kwamba kitambaa kimepokelewa lakini hakijakatwa, na kwamba kitambaa kisichokatwa kinaweza kurudishwa kwa mwenyewe wakati wowote. Rafiki zake wakawaeleza kaka zao. Basi lile neno "anabaki" likaingia mashaka, na mtaa ukahamishia macho kwenye mkasi wa Fundi. Kinyozi aligeuza kiti chake kitazame barabara. Wateja wake walinyolewa huku shingo zao zimepinda, na mmoja alitoka pale na ndevu za upande mmoja akasema atarudi kitambaa kikikatwa. Wapita njia walipunguza mwendo mbele ya vioo. Muuza magazeti alihamisha meza yake. Kila baada ya muda ulisikia mtu akiuliza, na mwingine akijibu kwa sauti ya chini kama kwenye nyumba yenye mgonjwa: bado, anapiga chaki.

Fundi alipiga chaki siku nzima ya Alhamisi. Alipima, akapima tena, akafuta. Wasichana walidhani ni woga wa kitambaa ghali. Woga ulikuwepo, lakini si wa kitambaa. Kukata kulikuwa na maana kwamba atakaa hapa hadi mwisho wa mvua, mume awepo asiwepo. Kulisema jikoni mbele ya sinia ya mchele ni jambo moja. Mkasi nao una kauli yake, na kauli ya mkasi haifutiki kwa samahani.

Ijumaa, wakati ambao alijua mumewe amekaa kwenye viti vya ngozi vya ile hoteli na wanaume wenye tai, Fundi alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akachukua mkasi mkubwa. Aliwaambia wasichana wazime feni ili kitambaa kisipeperuke. Hakujua mumewe anasema nini kule. Alijua tu kwamba akingoja ajue, basi hata safari hii atakuwa amekatiwa shauri na mwingine. Aliingiza mkasi pembeni mwa mstari wa chaki, akasikia ule mlio wa kitambaa kizito kinapoachia, na mkono ukaenda taratibu hadi mwisho bila kuinuka.

Nje kulilipuka kelele kama Siafu wamefunga goli. Kinyozi alikumbatia mteja mwenye povu, wakapakana. Mtu akapuliza filimbi. Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa na upande wa pili wa kukata.

Kocha alitokea wakati vipande vya mbele vimeshawekewa pini. Umati ulimpisha katikati. Kinyozi alitaka kumpongeza akakuta maneno yamemwishia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kocha alisukuma mlango wa vioo, na hapo ndipo Fundi alipokumbuka kwamba katika muda wote waliokaa kwenye mji ule, mumewe hakuwahi kuingia mle ndani. Aliishia mlangoni kila mara, na mara nyingi akiwa na ufunguo uliosahauliwa. Sasa aliingia, akatazama cherehani, akatazama mabango ya mitindo, akakaa kwenye kiti cha wateja, kile cha chini, magoti yakamfika kifuani. Wasichana walitoka wenyewe wakidai wanakwenda kununua uzi, na uzi umejaa droo.

"Niliwaambia sijazungumza na mwenzangu," alisema. "Wakacheka. Mmoja akaniuliza kama huwa naomba ruhusa na ya kwenda kuoga."

"Na wewe?"

"Mimi sikucheka." Alikivuta kile kiti karibu na meza. "Nimekuja kuuliza. Sijui kuuliza, lakini nimekuja. Twende, au tubaki?"

Swali lile Fundi alilingoja tangu ujana wake, kwenye kila mji na mbele ya kila lori. Alidhani siku likija atalijibu kabla halijafika chini. Kumbe likija ni zito. Sasa lilikuwa lake pia, na aliona jinsi linavyomlemea aliyelibeba peke yake miaka yote. Aliiona nyumba yenye bustani. Aliuona uso wa mumewe anapoitazama ile timu kwenye televisheni, mdomo wazi kidogo, kama mtoto kwenye kioo cha duka. Pini aliyokuwa ameishika aliichomeka kwenye mto wa pini, akaichomoa, akaichomeka tena.

"Tubaki msimu mmoja," alisema polepole. "Nimalize kazi za watu, na hawa wasichana waweze kusimama. Mwakani wakikuita tutakaa tena, wewe na mimi, kabla hujagusa bomba lolote. Tukisema twende, tutakwenda, na cherehani zangu zitapanda lori kabla ya kitanda."

"Mwakani hawataniita."

"Wasipokuita, basi na mwaka huu hawakukutaka wewe. Walilitaka kombe."

Kocha aliinama akatazama vipande vya kitambaa chini ya meza. Ilimuuma, na hakuficha kwamba inamuuma, na Fundi hakujifanya haoni. Kisha akaokota kipande kimoja kidogo cha lesi kilichokuwa kimenasa kwenye soli ya kiatu chake, akakiweka juu ya meza kwa uangalifu, akasema basi msimu mmoja.

Angeishia hapo, mambo yangekwenda taratibu. Lakini kesho yake waandishi wa habari walimwuliza kwa nini ameikataa timu kubwa namna ile, naye, mtu wa kutosema, akasema sentensi moja tu, tena ya kweli.

"Mke wangu ana kazi za watu," alisema, akainuka.

Waandishi walicheka, wakaandika. Kinyozi hakucheka. Kinyozi aliweka wembe chini, akafikiri, akaitisha kikao cha tawi palepale kwenye kiti. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Kama kocha amebaki kwa sababu mkewe ana kazi za watu, basi kwa muda wote ambao mke ana kazi za watu, kocha hawezi kuondoka. Mkataba gani mwingine unatakiwa? Hoja ilipita bila kupingwa.

Kuanzia Jumatatu duka la Fundi halikuwa na pa kuweka mguu. Walileta mapazia, wakaleta foronya. Mzee mwenyekiti wa klabu alileta kitambaa cha suti akalia akipimwa kifua. Wanaume ambao maisha yao yote hawakuwahi kujua kitufe kinashikiliwa na nini walipanga foleni na mashati. Mmoja aliagiza koti zito la baridi, akaulizwa baridi gani, akasema huwezi kujua. Kipa wa timu alileta glavu. Fundi aliwaongeza wasichana, akaweka benchi la kungojea nje, na bado vitambaa vilipanda hadi vikaziba kalenda. Alimwita kinyozi akamwuliza ni nini hiki. Kinyozi akaapa kwamba ni upendo wa wananchi tu, shemeji.

Kisha akaja kijana wa kuuza vipuri vya baiskeli na suruali iliyopasuka pajani. Fundi aliinyoosha juu ya meza, akapitisha kidole kwenye mpasuko.

"Imepasukaje?"

"Bahati mbaya, mama. Msumari."

"Msumari umekata ukanyooka hivi, kama wembe?" Alichungulia ng'ambo ya barabara, ambako kinyozi aligeuka haraka akaanza kufagia mahali palipofagiliwa. "Mwambie bwana mwenye msumari kwamba nikiona mwingine wa namna hii, namshonea mdomo, na simtozi."

Wakati huo kocha alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha chini. Siku hizo alikuwa akipitia pale baada ya mazoezi, maana nyumbani akienda hakuti mtu wala chakula, na kati ya kukaa na njaa peke yake na kukaa nayo kwenye watu alichagua ya pili. Fundi alimtupia suruali ile pamoja na sindano yenye uzi. Alimwambia yeye ndiye aliyefungua mdomo mbele ya waandishi, basi naye afunge tundu moja.

Kijana wa vipuri alibadilika rangi. Alisema haina haja, kwamba anaweza kuivaa hivyo hivyo, kwamba upepo ni mzuri kwa afya. Kocha hakumsikia. Alikuwa ametoa ulimi pembeni, kama alivyokuwa siku zote anaposoma mchezo, na alishona mpasuko ule kwa mishono mikubwa iliyopanda na kushuka kama njia ya mbuzi mlimani. Alijichoma mara kadhaa. Alipomaliza aliinua suruali kwenye mwanga, na ilionekana dhahiri kwamba mguu mmoja umekuwa mfupi. Fundi alinyoosha mkono kuichukua ili aifumue, lakini kijana aliwahi kuinyakua. Alisema haifumuliwi. Aliivaa palepale nyuma ya pazia, akatoka nje akichechemea kidogo kwa sababu ya ule ufupi, akawaonyesha watu wa benchi paja lake kama anayeonyesha kombe.

Asubuhi yake Fundi alipofika kufungua, foleni ilikuwa imeshazunguka kona ya benki, na kila mtu ameshika suruali yenye tundu. Hawakumtaka yeye. Walisema kwa heshima zote kwamba wao watamngoja yule fundi mwingine.

Fundi aliweka mikono kiunoni, akawatazama toka wa kwanza hadi wa mwisho, akawaambia wakazishone makwao, kwa sababu fundi yule bado yuko kwenye majaribio na namba hajapata.